Papa aliposikia neno kredi

Papa alikuwa anaingia kazini saa nne usiku, anaosha vyombo vya chakula cha ndege karibu na uwanja wa ndege wa Sea-Tac, kwa hiyo ukitaka saini yake lazima umkute kati ya saa mbili na saa tatu, ameshaamka, ameshaoga, yuko mezani anakula. Nilimngojea pale na fomu yangu. Ilikuwa Aprili 2018, nilikuwa na miaka 16, niko darasa la 10, tunaishi Kent, jimbo la Washington, Marekani.

Fomu ilikuwa ya Running Start. Jimbo letu wana huo mpango tangu 1990, mtoto wa darasa la 11 na 12 anaruhusiwa kwenda kusoma komyuniti koleji bila kulipa karo, na somo analofaulu linahesabiwa mara mbili, huku sekondari na kule chuo. Kaunsela wa shule alishasaini, mimi nilishasaini, ilibaki sehemu ya mzazi tu. Nikamwambia kwa furaha kabisa, Papa, nitaanza kupata kredi za chuo huku bado niko sekondari.

Akaacha kula.

"Kredi?"

"Ndiyo Papa, kredi."

"Hapana."

Wanaotoka kwetu wameshaelewa. Sisi ni watu wa Fizi, Kivu ya Kusini, na mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, ambako shule zetu zilifuata programu ya Kongo kwa Kifaransa, na kredi kwetu ni mkopo, ni ile sukari uliyochukua dukani na jina lako likaandikwa kwenye daftari. Halafu Papa alikuwa ametoka tu kwenye deni la ndege. Wengi hawajui kwamba mkimbizi akiletwa Marekani tiketi si zawadi, IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, wanakukopesha bila riba, ukikaa kama miezi sita unaanza kulipa kila mwezi, na sisi tulikuwa watu 7, tiketi 7. Alilipa miaka mitatu na zaidi, kuna miezi tulikula maharage tu ili ile hela itoke, na risiti ya mwisho ilikuwa haijafikisha hata nusu mwaka.

Akaenda chumbani akarudi na ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, tuliopewa siku ya kusafiri na karatasi zetu ndani, akatoa risiti moja moja akazipanga mezani mbele ya fomu yangu. "Hii yote ilikuwa kredi," akasema. "Nimemaliza. Sasa mtoto wa miaka 16 anataka kuanza yake?" Sikuwa na jibu, nilikuwa nalijua lile neno kwa Kiingereza tu, kwa Kiswahili sikuwa nimewahi kulifikiria.

Aliyenifungulia njia ni Mama. Alikuwa anakunja nguo, akaniuliza, hiyo kredi, wewe ndiye unawapa au wao wanakupa? Nikamwambia ukimaliza somo wanakuandikia 5, mfano Kiingereza 101, kile cha kuanzia chuo, ni 5, na hizo 5 shuleni kwangu ni sawa na Kiingereza cha mwaka mzima, digrii ya miaka miwili inataka 90, ukizikusanya mapema huko mbele unasoma na kulipa pungufu. Mama akafikiri kidogo. "Basi hiyo ni likelemba," akasema. "Unaweka mbele, zamu yako ikifika unakuta yako iko." Yeye alikuwa kwenye likelemba, yaani upatu, na wamama wa kanisani, anajua hesabu za kutangulia kuweka.

Papa akasema amesikia, ila anataka kusikia kwa mdomo wa wenyewe.

Siku yake ya mapumziko tukapanda basi la A Line kwenye Pacific Highway mpaka chuoni, mji wa Des Moines, yeye amevaa koti la kanisani na ule mfuko kwapani. Ofisini tulipokewa na mama mmoja mvumilivu sana, nikawa mkalimani wa kesi yangu mwenyewe, mikono inatoka jasho. Papa akauliza nani analipa. Akajibiwa kwamba pesa ambayo jimbo linatoa shuleni kwa ajili ya mtoto inamfuata mpaka chuo, ada ndogondogo zinasamehewa kwa mtoto anayekula chakula cha bure shuleni, lakini vitabu na nauli ni juu ya familia. Papa akauliza, akifeli?

Hilo sikulitegemea. Yule mama akasema alama inabaki kwenye rekodi yake ya chuo, popote atakapoomba baadaye wataiona. Halafu akaongeza kwamba mzazi hawezi kupiga simu kuulizia alama, sheria ya nchi inampa haki hiyo mwanafunzi mwenyewe akishaingia chuo, hata kama ana miaka 16, mpaka yeye akubali kwa maandishi.

Nilitaka kulainisha. Nani angejua? Nikatafsiri kama ilivyo, na mpaka leo nashukuru, maana mambo haya mawili ndiyo wazazi wetu wanahitaji kuyasikia mapema kuliko hata habari ya bure.

Papa alikaa kimya muda mrefu, mfuko magotini. Kwetu baba ndiye anayeitwa shuleni. Mwisho akatoa peni yake mfukoni, akasaini taratibu, jina zima, akanigeukia.

"Mimi sitauliza hawa. Nitauliza wewe."

Septemba bili ya kwanza ilikuja, akanisomesha mara mbili mstari wa karo wenye sifuri, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa IOM pamoja na risiti za ndege. Kiingereza 101 kilinitesa, insha ya kwanza ilirudi imejaa wino na nililala saa nane usiku wiki nyingi kuliko nilivyomwambia Mama. Papa hakuuliza kitu.

Desemba, saa mbili na nusu usiku, alikuwa mezani anakula.

"Basi?"

Nikamgeuzia laptopu. Akasogeza sahani pembeni akavaa miwani.