Greni 180 na greni 180 si sawa: nilivyohamia vichwa vya shaba

Risasi zangu za kuwindia hujaza mwenyewe: ganda, baruti, na kichwa, yaani ile ncha inayoruka. Nilipokuwa Texas nilikuwa na kipimo changu cha bunduki ya .30-06 nilichokijua kama namba yangu ya simu: kichwa cha Nosler Partition, chenye madini ya risasi ndani, cha greni 180 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na baruti ya IMR 4350. Kisha nikahamia California, ambako tangu Julai 2019 hairuhusiwi kuwinda popote kwa risasi yenye madini ya risasi. Kondori, ndege wakubwa wala mizoga, hula matumbo ya wanyama yanayoachwa porini, na chembe za madini hayo huwaua.

(Kiswahili chetu nacho! Risasi ni madini, risasi ndiyo inayotoka mtutuni. Sasa natafuta risasi isiyo na risasi.)

Nikanunua Barnes TTSX, shaba tupu, greni 180 vilevile. Uzito ni ule ule, kipimo kibadilike kwa nini? Nikapima baruti kama zamani, nikashusha mkono wa mashine kukalisha kichwa cha kwanza. Nikasikia baruti inasagika ndani ya ganda: kr-kr-kr. Kwa Partition sikuwahi kuisikia sauti hiyo.

Nikaacha. Nilipoviweka vichwa viwili sambamba mezani, jibu lilikuwa wazi: cha shaba ni kirefu zaidi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba haifiki 9, kwa hiyo shaba hutafuta uzito wake kwa urefu. Urefu huo huzama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Nafasi ikipungua, shinikizo hupanda. Tena shaba ni ngumu, haikubali kubanwa na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu kama risasi laini. Ndiyo maana Barnes huchonga vijifereji kuzunguka kichwa.

Nikaking'oa kile kimoja kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa, baruti nikairudisha koponi, nikafungua kitabu cha vipimo cha Barnes wenyewe. Sikutafuta wastani kati ya vitabu viwili. Nilianzia kwenye kipimo cha chini kabisa walichoandika, nikapanda nusu greni kila hatua, risasi tatu tatu. Kabla ya hapo nilisugua mtutu hadi ukatakata, kisha nikarudisha kichwa nyuma inchi 0.05 kutoka mwanzo wa mifereji, kama Barnes wanavyoshauri. Naamini kukirudisha nyuma ndiko kulikonisaidia kuliko baruti yenyewe: matundu yaliyokuwa yametawanyika inchi tatu kwa yadi 100 yalikusanyika hadi inchi moja na kitu.

Uwanjani nilikuwa na kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, lakini jicho langu lilikuwa kwenye maganda. Fataki (kiwashio cha baruti kwenye kitako cha ganda) ikilala bapa, bolti, yaani komeo la bunduki, ikiwa nzito kuinua, au kitako cha ganda kikitoka na alama inayong'aa, unashuka, hata kama kitabu kinaruhusu kupanda. Hatua ya tano bolti ilinigomea kidogo. Nikarudi chini greni moja nzima, nikabaki hapo. Kasi ni pungufu kidogo kuliko ya zamani. Nguruwe pori hajalalamika.

Kipimo chenyewe sikiandiki hapa. Ni cha mtutu wangu na kopo langu la baruti, na ukikinakili utakuwa umefanya kosa langu lile lile.

Vichwa vya Partition vilivyobaki viko kwenye bati la biskuti, nimeandika juu kwa kalamu nyekundu: TEXAS TU.