Usukani Unaotetemeka Kwenye Mteremko wa Salgaa

Nakuru, Jumamosi

Neno linalonikera katika habari za breki ni "kupinda". Gari likishuka Sachangwan kuja Salgaa, dereva akagusa breki kwenye 80 na usukani ukaanza kumtetemekea mikononi, kila mtu ana jibu tayari: diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, imepinda, nunua nyingine. Diski zinanunuliwa, na pedi zinazozibana pia. Mtetemo unapotea kabisa. Baada ya kilomita elfu tano hivi unarudi, na sasa lawama zinamwendea muuza spea, eti aliuza feki.

Huenda ni feki kweli. Ila mara nyingi diski ya kwanza haikupinda, na ya pili haikuwa na kosa. Kilichobadilika ni unene. Upande mmoja wa mzunguko umelika kuliko mwingine, au umegandwa na ukoko wa pedi, na kila diski inapozunguka pedi zinapanda na kushuka kwenye huo mwinuko. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kusikika kwenye usukani. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo tunazungumzia sehemu ya tano ya karatasi. Jicho halitaiona hata ukiweka miwani, na kidole hakitaihisi.

Kabla ya kufungua chochote, gari liseme lenyewe. Likitetemeka kwenye 90 bila kukanyaga breki, hiyo ni balansi ya magurudumu au tairi lenye uvimbe, diski haihusiki. Usukani ukitetemeka wakati wa breki pekee, angalia mbele. Usukani ukitulia lakini kiti na kanyagio vinatetemeka, shuku nyuma, ambako magari mengi ya familia hapa kwetu bado yana dramu, yaani breki za ngoma. Kuna njia ya kuhakikisha: kwenye barabara kavu iliyonyooka, isiyo na gari nyuma, nenda 40, bonyeza kitufe cha breki ya mkono na usikiachilie huku ukiivuta polepole. Mtetemo ukija hapo, dramu si duara tena. Na kanyagio likidundadunda kwenye moramu ukifunga breki kwa nguvu, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama, inafanya kazi yake. Usiifungulie gari.

Sasa kwa nini mtetemo hauji siku ileile diski inapofungwa? Hapa ndipo fundi wengi wanapoteza uzi. Diski hukalia uso wa habu, kitovu cha gurudumu, na uso huo huota kutu, hasa kuzunguka mizizi ya stadi, zile boliti zinazoshika gurudumu. Diski mpya ikifungwa juu ya magamba hayo haikai sawa, inayumba kidogo. Na kwa kuwa ukingo wa diski uko mbali na katikati kuliko uso wa habu, kosa dogo pale ndani linakuwa kubwa huku nje. Mwanzoni husikii kitu, maana kalipa, kibanio kinachobeba pedi, inateleza na kufuata. Lakini hata mguu ukiwa umetoka kwenye breki, sehemu ileile ya diski inaigusa pedi kila mzunguko, inasugua kidogo kidogo, maelfu ya kilomita. Mwishowe inakuwa nyembamba. Kwa hiyo kasoro hutengenezwa baada ya diski kufungwa, na mtengenezaji wake ni kutu iliyoachwa chini yake.

Kazi yenyewe si ngumu. Kabari nyuma, jeki, kisha stendi, usiamini jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, beringi au boli jointi inahitaji kushughulikiwa kwanza. Toa kalipa na uitundike kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake. Diski ikigoma kutoka, usiipige nyundo ovyo. Nyingi zina matundu mawili yenye hesi, weka boliti za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Tia alama diski ilikuwa kwenye stadi ipi.

Kisha habu. Brashi ya waya, halafu msasa namba 80, na subira kuzunguka kila stadi, kwa sababu magamba magumu yanajificha hapo hapo. Futa hadi chuma king'ae. Safisha na mgongo wa diski pia. Usipake grisi kwenye uso huo.

Rudisha diski, uifunge kwa nati zote pamoja na washa, na uweke geji ya mshale, ya kupimia kuyumba, milimita 10 kutoka ukingoni. Zungusha polepole. Katika magari mengi kuyumba kusizidi milimita 0.05. Ikizidi, hamisha diski stadi moja mbele na upime tena. Nafasi moja kati ya zote mara nyingi inaponya. Unene upime kwa maikromita sehemu nane za mzunguko. Vernia ya kawaida itakudanganya, kwa sababu meno yake yanakalia ule mdomo usiolika wa ukingoni. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umepigwa chapa kwenye diski yenyewe, tafuta MIN TH. Kukereza kunafaa ikiwa diski zote mbili zitabaki juu ya namba hiyo baada ya kukerezwa. Zikiwa zimeikaribia, pesa ya fundi wa mashine ongeza ununue mpya.

Usisahau pini za kalipa. Pedi ya ndani ikiwa imelika sana kuliko ya nje, pini imekwama. Zipake grisi ya silikoni, kwani grisi ya beringi huvimbisha mpira.

Halafu kuna spana ya nati, na hapa nina neno na wenye pancha wetu. Nati za magari mengi madogo ya Toyota hutaka 103 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa spana ya sentimita 35, huo ni uzito wa kilo 30 hivi ukisukuma mwishoni mwake. Kijana wa kilo 70 akichomeka bomba la sentimita 60 na kulisimamia, anatia kama 412 Nm, mara nne. Nati moja hivyo, nyingine kwa mkono tu, na diski uliyoipima kwa geji inavutwa upande. Kaza kwa mpangilio wa nyota, mara mbili, na ya mwisho gurudumu likiwa limekanyaga chini.

Kabla ya kuwasha gari, pampu kanyagio hadi liwe gumu. Pedi mpya zinataka kuzoeshwa: kutoka 60 hadi 15 mara kumi, kwa nguvu ya wastani, ukiacha nusu dakika kati, bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki. Kupata kipande cha barabara kisicho na matuta cha kufanyia hivyo ni kazi nyingine. Alfajiri ya Jumapili ndiyo afadhali. Baada ya mteremko mrefu, breki zikiwa moto, usisimame kwenye kizuizi huku umekanyaga palepale. Tumia breki ya mkono, la sivyo pedi itaacha muhuri wake kwenye diski.

Nati zikazwe tena baada ya kilomita 100, na gari likienda pancha, spana ishike mwenyewe.