Hao wanaonyesha bure, wanakula nini?

Mwaka 2013 nilimfungia dishi mama mmoja, mwalimu mstaafu, hapa Tabora, la futi sita, lile la wavu. Kazi ya saa mbili ikala siku nzima, maana mwembe wa jirani ulisimama mbele ya dishi upande wa mashariki kabisa. Ikabidi tulihamishie nyuma ya jiko, shimo jipya, zege jipya. Saa kumi na moja jioni nikiwa nazungusha LNB, kile kichwa cha kunasia mawimbi mbele ya dishi, kidogo kidogo, kijana wangu akapiga kelele kutoka sebuleni: "Imekaa, fundi!" Kwenye skrini alikuwa mtawa mzee mwenye miwani, anacheka kama yuko jikoni kwake.

"Hii ya kulipia kila mwezi?" mama akauliza.

"Hapana mama, EWTN, hii televisheni ya Wakatoliki ya Marekani, ni ya bure."

"Na matangazo ya sabuni hayapo? Sasa hao wanakula nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilijua upande wa huku tu, wa kupokea. Nikaanza kulitafuta.

Jibu linaanzia kwenye karanga. Yule mtawa ni Mama Angelica, mwanzilishi wa EWTN, wa shirika la Mtakatifu Klara, watawa wa ndani wasiotoka ovyo. Monasteri yao wakati huo ilikuwa Irondale, Alabama, kule Marekani, na miaka ya sitini mwishoni walikuwa wanakaanga karanga na kuziuza ili waishi. Kabla ya hapo walitengeneza hadi chambo za kuvulia samaki. Mwaka 1978 akapelekwa Chicago kuhojiwa kwenye televisheni ndogo ya Wabaptisti. Alipoiona studio, kilichomshangaza ni udogo wake. Kumbe ni chumba tu! Akaondoka anaitaka ya kwake. Hapo mimi alinipata, kwa sababu wateja wangu wengi hudhani televisheni ni lazima liwe jengo la kutisha.

Vipindi vyake alikuwa akirekodia kwenye kituo cha Birmingham, mjini hapo jirani. Wakagombana juu ya filamu ambayo kituo kilitaka kuionyesha na yeye aliiona inamkufuru Kristo. Akawaambia atajenga studio yake, na gereji iliyokuwa inajengwa monasterini ikageuzwa studio. Tarehe 15 Agosti 1981, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, wakaanza kurusha: saa nne kwa siku, nyumba kama 60,000. Inasimuliwa kwamba dishi la kurushia lilipofika, dereva wa lori aligoma kulishusha hadi alipwe. (Namwelewa sana huyo dereva.) Mama akaingia kanisani kusali, na simu ya mfadhili ikaita. Wapo watakaobisha. Mimi nasema hata bila simu ile, aliyeagiza dishi hana hela mfukoni ana roho ngumu.

Mwaka 1987 wakafika saa 24. Matangazo ya biashara, hakuna. Aliwaomba watazamaji wamweke kati ya bili ya gesi na bili ya umeme, basi, na vijisenti vya watu wengi vikaendesha mitambo. Sisi wa LUKU na mtungi sijui angetuweka wapi. Ulimi wake nao haukuwa na breki. Maaskofu kadhaa waliuonja. Mwaka 2000 aliwaachia walei uongozi, akafariki Pasaka ya 2016. EWTN yenyewe haikusimama: tangu 2019 shirika lao la habari, ACI Africa, liko Nairobi.

Kilichoniudhi ni lugha. Yote yalikuwa Kiingereza, na wanajumuiya walipokuja kusali rozari mbele ya skrini, mwalimu ndiye aliyekuwa mkalimani.

Nilirudi wiki ya tatu kukaza nati na kudai salio langu, nikamweleza yote, kuanzia karanga. Akasikiliza, akahesabu hela, akabakiza elfu tano mkononi.

"Hii ni sadaka yako kwa masista."

Nikamuuliza itafikaje Alabama. Akaifunga kwenye ncha ya khanga.