Nyonga ya mwenye sikoseli: msisubiri mpaka achechemee

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha mnaolea wenye sikoseli, baridi ya Juni na Julai huamsha maumivu, lakini si kila maumivu ni yale mliyoyazoea. Yakikaa kwenye kinena upande mmoja, yakazidi mtu akitembea au akipanda ngazi, na wiki zinapita hayaishi, fikirieni nyonga. Wakati mwingine hushukia gotini, na goti likipigwa eksirei linaonekana zima.

Kichwa cha mfupa wa paja hupata damu kwa mishipa myembamba. Chembe za damu zilizopinda zikiiziba, mfupa unakufa, kisha unabonyea kwa uzito wa mwili. Walio hatarini zaidi ni wanaopata maumivu mara kwa mara na, hili huwashangaza wengi, wenye SS (waliorithi jini ya sikoseli kwa baba na kwa mama) ambao wingi wa damu yao uko juu kuliko wenzao, hasa waliorithi pia thalasemia ya alfa, hitilafu nyingine ya damu ya kurithi. Damu nzito hupita kwa shida. Umri ukisonga, hatari nayo hupanda. Prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) ya muda mrefu na pombe, mbege ikiwemo, huongeza.

Eksirei ya mwanzo inaweza kuwa safi kabisa. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ndiyo huona mapema. Daktari akizungusha paja kwa ndani likagoma au likauma, msiondoke bila kuulizia kipimo hicho. Mfupa ukishabonyea, mara nyingi kinachobaki ni upasuaji wa kubadilisha nyonga, kwa hiyo naomba sana, kijana asiachwe mwaka mzima akimeza dawa za maumivu tu. Wakati mnasubiri kliniki, apunguziwe kubeba ndoo, na mkongojo aushike mkono wa upande usiouma.