Majak Daw na mpira mwekundu wa Bweyale

Mpira ulifika Bweyale ndani ya begi la nguo, umetolewa upepo, umekunjamana. Aliyeuleta ni mjomba wa kijana mmoja wa timu yetu. Anaishi Melbourne, na Desemba iliyopita alikuja kumwona dada yake hapa kambi ya wakimbizi ya Kiryandongo, Uganda, baada ya miaka mingi ya kuongea kwa simu tu. Wengine waligawiwa viatu na nguo. Mimi nilipewa ule mpira, kwa kuwa ndiye ninayefundisha vijana mpira Ranchi 37, mtaa mmoja wa kambi. Nikautia upepo kwa pampu ya baiskeli. Ukajaa, mwekundu, wa ngozi, ncha mbili kama papai.

"Kocha, si huu ni wa raga?" vijana wakauliza.

"Huu ni wa futi, mpira wa Waaustralia," mjomba akasema. "Ndio aliocheza Majak."

Sikuwa nimewahi kulisikia jina la Majak Daw. Jioni ile tulikaa nje ya nyumba ya dada yake, chai ya maziwa inazunguka, mjomba anasimulia nusu kwa Kiarabu cha Juba nusu kwa Kiswahili alichokiokota kambi ya Kakuma, Kenya, na simu inapita mkono hadi mkono tuone video. Nilirudi kwangu usiku sana. Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu ya huyu mtu, na bando langu limeishia huko.

Alizaliwa Khartoum Machi 1991, nyumba yenye watoto tisa. Familia ikakimbilia Misri, na 2003 wakapokelewa Australia, wakakaa magharibi mwa Melbourne, upande wa Werribee. Piga hesabu. Alikuwa na miaka 12.

Hapo ndipo aliponishika. Mimi nilivuka mpaka wa Malaba kutoka Kenya na miaka 12, Januari 2008, nimemshika mdogo wangu mkono, nyumba yetu upande wa Eldoret tumeiacha inawaka. Tukakaa Mulanda, Tororo, chini ya maturubai, kisha magari yakatuleta huku. Siku ya kwanza shuleni sikuelewa neno hata moja la walichokuwa wakiongea watoto wenzangu, lakini wakati wa mapumziko walitoa mpira wa makaratasi na kamba, na mimi nikajua mahali pa kusimama. Mpira wa miguu ulinipokea kabla ya watu. Majak hakupata hata hilo. Alikuta watoto wa umri wake wanacheza mchezo ambao hakuwahi kuuona, na wenzake walikuwa wameushika tangu wanatambaa.

Tena mchezo wenyewe si wa kuelewa kwa kutazama mara moja. Uwanja ni wa umbo la yai, wachezaji 18 kila upande. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne: mpira ukipigwa ukapita kati ya miwili ya katikati unapata pointi 6, ukipita pembeni yake unapata 1. Unabeba mpira mkononi, ila ukikimbia nao lazima uudundishe kila mita 15. Kurusha ni marufuku. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, unaulaza kwenye kiganja kimoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili. Na mpira uliopigwa kwa mguu ukaudaka hewani, mwamuzi anapuliza, unaachiwa nafasi upige bila kuguswa. Ndiyo sababu wanaruka vile, goti juu ya bega la mpinzani, mikono mbinguni. Sheria zake za kwanza ziliandikwa hukohuko Melbourne 1859, kwa hiyo hawa watu wanarithishana mchezo huu kama sisi tunavyorithishana mashamba.

Nimejifunza kuupiga. Unaushika wima, ncha moja inatazama chini. Huutupi, unauachia. Mguu unakutana na ile ncha ya chini, vidole vimenyooka, na kama umefanya sawa mpira unaondoka huku unajiviringisha kuelekea nyuma, unanyooka kama mshale. Ukikosea kidogo tu, unapinda. Wiki mbili nzima ulikuwa unaishia kwenye mihogo ya jirani. Ukidunda chini ndiyo usiseme, unakwenda unakotaka wenyewe, na watoto wanaufukuza kama kuku wa sikukuu. Nilipoona ugumu wake kwa mguu wangu ndipo nikaelewa kijana wa Khartoum alifanya nini.

Miaka sita tu baada ya kushuka kwenye ndege, mwishoni mwa 2009, klabu ya North Melbourne ilimchukua kwenye usajili wa wachezaji chipukizi. Mzaliwa wa Sudan wa kwanza kuingia orodha ya klabu za AFL, ligi kuu ya futi Australia. Haikuwa njia laini. Alicheza ligi ya chini akiwa na Werribee miaka mitatu, na 2011, katikati ya mechi, mtazamaji alimtukana kwa ajili ya rangi yake. Aliendelea kufanya mazoezi.

Aprili 2013 wakampanga kikosi cha kwanza dhidi ya Brisbane Lions. Hiyo ndiyo video tuliyoirudia zaidi ya mara kumi. Teke lake la kwanza kabisa katika ligi kuu lilipita kati ya milingoti. Uwanja ulilipuka, wenzake wote wakamkimbilia. Mama wa yule kijana, ambaye mpira haumhusu, alipiga kigelegele kwenye giza la Ranchi 37 kwa bao lililofungwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Msimu huohuo alifunga mabao sita katika mechi moja dhidi ya Western Bulldogs.

Ukitafuta takwimu zake utakuta mechi 54 kwa North Melbourne, na kuna waliocheza zaidi ya 300. Majeraha yalimrudisha nyuma mara kwa mara. 2018 walimtoa mbele wakamweka beki, akacheza msimu mzuri ajabu, na watu wakadhani sasa amefika. Desemba ya mwaka huohuo akaanguka kutoka daraja moja kubwa la Melbourne, akavunjika nyonga na fupanyonga. Baadaye mwenyewe alisema hadharani kwamba moyo wake ulikuwa umezama, kwamba alikuwa mgonjwa wa sonona na hakuwa akimwambia mtu. Madaktari hawakuwa na uhakika kama atakimbia tena. Alianza upya kujifunza kutembea. Kabla 2019 haijaisha alikuwa anacheza timu ya akiba, na 2020 akarudi ligi kuu. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye orodha ya klabu nyingine, iitwayo Melbourne tu, hakupangwa hata mechi moja ya timu ya kwanza, akatangaza kustaafu. Ndio mwaka klabu hiyo ilichukua ubingwa iliokuwa imeusubiri tangu 1964.

Mjomba alipofika sehemu ya daraja alishusha sauti. Kwa watu wetu habari hizi hazisemwi. Sisi Wakenya wa Ranchi 1 hatuzisemi, na majirani zetu wa Sudan Kusini nao hawazisemi. Mtu akijifungia ndani tunasema ana mawazo, tunamwachia Mungu. Na yule kijana, mpwa wake, alikuwa amekaa pale, ameinamisha kichwa. Tangu Oktoba alikuwa haji mazoezini. Mimi nilidhani amechoka na mpira, au amepata kibarua barabarani kwenye malori ya Gulu. Naandika haya kwa ruhusa yake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwao, nikamwomba mama yake tuongee pembeni. Akaniambia kijana halali, hali, na kuna usiku alikuwa anamkuta amekaa nje peke yake. Alikuwa hajamwambia yeyote kwa aibu. "Sasa kama Majak amesema mbele ya nchi nzima," akaniambia, "mimi nitanyamaza nini, mwalimu?" Tukaenda wote watatu kituo cha afya kumwona mshauri. Foleni ilikuwa ndefu, tukakaa kwenye benchi hadi saa nane mchana. Anaendelea kwenda kila Alhamisi.

Kila nikiitazama ile namba 54 naona mtu aliyeingia kwenye mchezo wa wenyewe na miaka 12, akafika ligi yake kuu, akaanguka, akarudi, kisha akaeleza alichopitia kwa maneno yanayoweza kusafiri hadi Bweyale. Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma, alifuata njia yake na 2021 akachaguliwa kikosi bora cha ligi nzima. Vijana wangu wanalijua jina hilo sasa.

Mazoezi yetu ni Jumanne na Jumamosi. Kijana hajaanza kucheza. Anakuja, anavua viatu, anakaa kwenye mzizi wa mwembe kando ya uwanja na ule mpira mwekundu mapajani, anaugeuza ncha juu, ncha chini. Jumamosi iliyopita mpira wetu wa kawaida ulitoka nje ukaenda upande wake. Aliurudisha kwa mguu, kisha akasimama, akaushika ule wa mjomba wima, akauachia.

Uliishia kwenye mihogo. Akaufuata mwenyewe.