Kumbukumbu ya mradi: kumfuatilia kijana wa Keya aliyefia Burma

Tunayemfuatilia ni askari wa miguu wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, Keya kama wazee wanavyoiita, Batalioni ya 36 ya Tanganyika. Jina lake tunaliacha kwa familia.

Tulianza na medali, nazo hazina jina ukingoni. Ndivyo zilivyo: medali za Vita vya Pili walizopewa askari wa Afrika Mashariki hazikuchongwa majina, kwa hiyo medali peke yake haimtambulishi mtu. Aina yake ndiyo inayosaidia. Nyota ya Burma ipo, Nyota ya Afrika, waliyopewa pia waliopigana Ethiopia, haipo. Basi shajara za vita za Ethiopia za 1941, yaani kumbukumbu za kila siku za vikosi, tumeziweka kando.

Nambari ya batalioni nayo ina mtego. Batalioni ya 36 ilizaliwa kama 3/6 KAR, yaani batalioni ya tatu ya KAR ya sita, na ya 26 kama 2/6. Ukitafuta "36" kwenye karatasi za miaka ya mwanzo ya vita hupati kitu, kumbe watu ni walewale.

Kwenye rejista ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, usianze na jina. Karani aliandika alivyosikia: Salehe anaweza kuwa Saleh, Sale au Swalehe, na jina la baba likakaa mahali pa ukoo. Chuja kwa kikosi na mwaka wa kifo, kisha soma orodha yote taratibu. Ukimpata, nakili nambari ya jeshi pamoja na herufi zake za mwanzo. Kuanzia hapo nambari ndiyo mtu.

Wetu yuko kwenye Mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon (zamani Rangoon), kati ya majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Alikufa Oktoba 1944, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki chini ya Jenerali Fowkes inashuka Bonde la Kabaw kuelekea Kalemyo. (Kwenye picha za zamani divisheni hii utaitambua kwa beji ya kichwa cha kifaru.) Mvua za monsuni zilikuwa zimeigeuza njia kuwa tope, na chakula na risasi vilidondoshwa kwa ndege. Askari walimeza tembe ya mepakrini kila siku kuzuia malaria. Mabuu ya utitiri wa majani yalileta homa nyingine, taifasi ya vichakani, ambayo tembe hiyo haikuizuia.

Kazi kubwa sasa ni shajara ya vita ya batalioni, iliyoko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, fungu la WO 172. Tunasoma wiki moja kabla ya tarehe ya kifo na wiki mbili baada yake. Kila siku tunachukua mambo manne: mahali kwenye ramani, mvua, doria zilizotoka, waliokufa na kujeruhiwa. Na hapa panauma. Ofisa akiuawa ameandikwa jina. Kijana wa Tanganyika ameandikwa kama hesabu, tarakimu na herufi A.O.R., yaani askari Mwafrika asiye ofisa. Hakuna ukurasa utakaomtaja. Inabidi kulinganisha: rejista ikitoa vifo viwili vya batalioni siku fulani, na shajara ikasema A.O.R. wawili wameuawa kwenye doria, tumepata tukio.

Shajara ikiwa kimya siku hiyo, usikimbilie kusema ni ugonjwa. Aliyefia hospitali kwa kawaida ana kaburi, mara nyingine ng'ambo ya mpaka, India. Jina kwenye mnara pamoja na shajara iliyo kimya hutufanya tushuku doria ambayo haikurudi, au tarehe iliyoandikwa taarifa ilipofika badala ya siku yenyewe. Kwa hiyo tunasogea nyuma siku moja moja.

Mahali ndipo panapotukwamisha. Tarakimu za shajara ni za gridi ya India, yaani miraba ya ramani za jeshi za wakati ule, iliyopimwa kwa yadi. Ukiziingiza kwenye ramani ya simu zinakupeleka kwingine kabisa. Lazima upate karatasi ileile ya ramani ya wakati ule, uweke nukta kwa rula, kisha uilinganishe na mto au kijiji ambacho bado kipo. Tumeshaweka nukta za Septemba, kuanzia mji wa Tamu kushuka kusini. Karatasi ya ramani inayofuata ndiyo inayobeba Oktoba, na bado tunaitafuta.