Punje ya hindi
Jumatano nilirudi darasa la sita kujitolea kufundisha elimu ya anga. Nilichora Jua ubaoni, duara la mita moja, nikampa binti mmoja punje ya hindi: hiyo ndiyo Dunia. Tukapima hadi uwanjani, mita 107. Akaishika kwa vidole viwili, akalitazama duara dirishani, kimya.

Sayari ya Mshtarii, yenye ukubwa wa chungwa, ingefika zaidi ya nusu kilomita, kule sokoni.

“Mwalimu, na Kilimia?” akauliza mvulana wa nyuma. Babu yake hupanda kwa kukitazama kikundi hicho cha nyota. Swali hilo nalipenda mno! Mwanga wake husafiri miaka kama 440. Kwa kipimo chetu kingekuwa mbali kuliko Mwezi wenyewe, karibu mara nane.

Kengele ikalia. Binti hakuirudisha punje.